Dar hadi Lubumbashi ni kilomita 1,385 tu, mbona nimesafiri siku nzima?

Muuza Spea (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa spea za magari, duka liko Kariakoo. Wateja wangu wakubwa ni Wakongomani wa Lubumbashi. Miaka yote wao ndio wanaokuja: wanafikia gesti za huku huku, wanazunguka madukani siku tatu nne, mzigo unapakiwa kwenye semi, wanarudi kwao. Mwezi wa sita nikaamua safari hii niwafuate mimi, nilione soko lao kwa macho, na nidai videni viwili vitatu ambavyo kwenye simu vilikuwa vinazungushwa tu.

Kabla ya kukata tiketi nikaingia mtandaoni kuangalia umbali. Kichwa kikaanza kuuma. Tovuti ya kwanza: 1,385. Ya pili: 861. Ya tatu: 748. Ya ramani nayo ikaniambia 2,000 na ushee. Nikajiuliza, huu mji unahama?

Muda ndiyo kabisa. Mahali pameandikwa ndege ni masaa mawili na robo. Tiketi niliyoletewa na wakala: kuondoka Dar 04:30, kufika Lubumbashi 12:45. Nikahesabu vidole, masaa nane na robo. Nimefika, natazama saa ya mkononi niliyotoka nayo nyumbani, inasoma 13:45. Tisa na robo! Hiyo saa moja imedondokea wapi?

Na njia yenyewe sasa. Lubumbashi iko kusini magharibi ya Dar, hilo hata mtoto wa darasa la tano anakuonyesha kwenye ramani. Lakini kulipopambazuka jua likachomoza dirisha la kulia, maana yake tunakwenda kaskazini. Addis Ababa. Pale nikakaa karibu masaa matatu, nikapanda ndege nyingine, nikalala. Kuamka natazama ile ramani kwenye skrini ya siti ya mbele: MWANZA. Wakuu, nimetoka Tanzania alfajiri, nimekwenda mpaka Ethiopia, saa sita mchana niko juu ya Tanzania tena, na bado sijafika ninakokwenda. Jirani yangu, mama mmoja wa Kikongo, aliniona navyoikodolea macho ile skrini akacheka mpaka akafuta machozi.

Sasa wajuzi nisaidieni. Umbali wa kweli ni upi? Saa ya kweli ni ipi? Na hakuna njia ya kukata moja kwa moja?

Nawasilisha.

Kijiweni

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Kalkuleta

Muuza Spea, mji haujahama. Namba zako tatu za kwanza ni umbali uleule, vipimo tofauti. 1,385 ni kilomita. 861 ni maili za barabarani, zile za Waingereza. 748 ni maili za baharini, ambazo marubani na manahodha ndizo wanazotumia. Moja ni kilomita 1.852. Zidisha uone. Tovuti nyingi zinaandika kifupisho kimoja kidogo pembeni ya namba, na watu hawakisomi.

Huo ni umbali wa kamba. Yaani uvute uzi kwenye uso wa dunia kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka uwanja wa Luano, ndiyo 1,385. Ile 2,000 na ushee ni ya barabara, hiyo nawaachia wenye magari.

Muda wa ndege una kanuni ya kijiweni ambayo hainiangushi: chukua kilomita, gawa kwa 800, halafu ongeza nusu saa ya kupaa, kuzunguka na kutua. Dar–Nairobi kilomita kama 665, inakuja saa moja na dakika 20. Waliopanda watakuambia ni hivyo. Dar–Johannesburg kama 2,440, inakuja masaa matatu na nusu na kidogo. Sawasawa. Sasa ya kwako: 1,385 gawa kwa 800, ongeza nusu, masaa mawili na robo. Kwa hiyo ile tovuti haikudanganya. Imekupa muda wa ndege ambayo wewe hukuipanda!

Hiyo ni kwa jeti. Ukipewa ndege ya mapanga, gawa kwa 600 na kitu.

Ulichopanda wewe ni hiki: Dar–Addis kama kilomita 1,765, halafu Addis–Lubumbashi kama 2,600. Jumla 4,365. Umesafiri mara tatu ya umbali wa kamba. Na kuiona Mwanza si maajabu. Vuta mstari kutoka Addis hadi Lubumbashi: unapita kaskazini ya Ziwa Turkana, unaingia Ziwa Victoria, unatokea upande wa Geita, unashuka Katavi, unavuka Tanganyika. Yaani ulifunga safari ya nje ya nchi ili uje kuikagua Kanda ya Ziwa kutoka juu.

Kupitia Nairobi ni nafuu: 665 jumlisha 1,545, kama 2,200. Lakini hapo swali ni utasubiri Nairobi masaa mangapi, na hilo kanuni yangu haina jibu.

Muuza Spea

Kalkuleta ubarikiwe. Mara tatu! Na nauli nayo nahisi waliigawa kwa 800 wakaongeza nusu.

Masafa Marefu

Vijana mna raha. Mnalia kwa masaa tisa.

Hiyo njia naivuta kwa semi tangu enzi hizo Tunduma ukishuka unakanyaga tope mpaka kwenye soksi. Nawapa umbali wa dereva. Dar mpaka Tunduma ni 930 hivi. Hapo umeshapanda Kitonga kwa gia ya kwanza nyuma ya wenzako kumi, umeshapita Mikumi kwa adabu kwa ajili ya wanyama, na mizani zote umesimama. Unavuka mpaka, unaingia Nakonde, Zambia. Hapo nawasifu, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe 2019 mambo yamekuwa ya kibinadamu kidogo.

Ukishavuka ndipo ninapotaka mnielewe. Kutoka Nakonde, kunguru akiruka mpaka Lubumbashi, nimewahi kumsikia mzungu mmoja wa kampuni akisema haifiki kilomita 650. Mimi na semi langu? Zaidi ya 1,100. Kwa sababu sielekei Lubumbashi. Naelekea kusini: Mpika, Serenje, mpaka Kapiri Mposhi, hapo reli ya TAZARA inapoishia, ndipo nakunja kulia kurudi juu: Ndola, Kitwe, Chingola, Chililabombwe, mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo. Kasumbalesa mpaka mjini ni kama 90 tu, lakini hizo 90 ndizo utakazozikumbuka.

Mbona hatukati? Angalieni ramani. Kati ya Nakonde na Lubumbashi kuna mabwawa ya Bangweulu, maji na matete mpaka macho yachoke. Halafu kuna mto Luapula. Halafu Kongo yenyewe imechomeka kidole ndani ya tumbo la Zambia, wenyewe wanakiita Pedicle. Waingereza na watu wa Mfalme Leopold walipatana mpaka huo mwaka 1894, sisi madereva ndio tunaoulipia dizeli mpaka leo. Njia ya kupitia Mansa ipo, na pale Chembe tangu 2008 kuna daraja badala ya kivuko, lakini mwenye mali akisikia umemkatisha huko na mzigo wa tani 30, jiandae kutafuta kazi nyingine.

Siku ngapi? Safari yangu fupi kuliko zote, siku sita. Ndefu, ishirini na moja, na zaidi ya nusu ya hizo nimelala chini ya trela kwenye foleni, mimi na tandiboi wangu, tunapika ugali kwa jiko la mkaa, tunasogea urefu wa gari moja, tunazima injini. Mkeo akipiga simu anauliza umefika wapi, unamwambia pale pale pa jana. Haamini.

Ndiyo maana sisi hatusemi kilomita. Ukiniuliza Lubumbashi ni mbali kiasi gani nitakuuliza kwanza: foleni ikoje?

Kijiweni

Mzee umeua. Hii "pale pale pa jana" naifanya jina langu jipya.

Mwana Lushi

Jambo yenu bandugu. Miye niko mu Lubumbashi, commune Kenya. Musicheke. Huku kwetu Kenya ni mutaa, iko na soko yake kubwa, haiko ile inchi ya Nairobi. Siku moya mutu wa Dar alinipigia simu ananiuliza niko wapi, nikamwambia niko Kenya, akakasirika sana, akasema si ulisema uko Kongo, muongo weye!

Sasa ngoja niandike Kiswahili yenu, maana yangu mutasema nimeiharibu.

Nataka niwaambie jambo moja ambalo watu wa Dar hawalijui. Mnatuona tuko mbali. Lakini kutoka hapa Luano mpaka Dar ni hiyo 1,385 aliyosema ndugu Kalkuleta. Kutoka hapa mpaka Kinshasa, mji mkuu wetu wenyewe, ni karibu 1,550! Kinshasa njo mbali. Na kwenda kule tunategemea ndeke. Barabara ya kukufikisha na gari lako zima ni hadithi ndefu. Mimi Kariakoo nimekuja mara kumi na moja, najua mpaka mama anayeuza chapati pale nyuma ya mtaa wa spea. Kinshasa sijawahi kukanyaga.

Hata saa yetu si ya Kinshasa. Kongo iko na saa mbili. Kule magharibi wako nyuma, sisi tuko mbele yao saa moja, na ninyi Dar muko mbele yetu saa moja. Kinshasa ikiwa saa sita mchana, huku ni saa saba, kwenu ni saa nane. Kwa hiyo ndugu Muuza Spea, saa yako haikudondoka. Uliiacha kwenye mpaka, utaiokota ukirudi.

Pole na baridi lakini. Mwezi wa sita asubuhi huku si mchezo.

Muuza Spea

Mwana Lushi, hiyo baridi usinikumbushe. Nilishuka na fulana ya mikono mifupi na sendozi, nikijua nakwenda Kongo, na Kongo kwenye kichwa changu ni msitu na joto. Kumbe uwanja wenu uko mita 1,300 juu ya bahari. Asubuhi nilivaa shati juu ya shati, nikaonekana kama nimekuja kuuza mitumba.

Na kwa kuwa umegusa saa, ngoja niseme lililonikuta, ingawa ni aibu.

Nilipofika nikampigia mteja wangu mmoja, yule mwenye deni kubwa. Mtu mstaarabu, hakukwepa. Akasema kesho njoo bohari, nitakuwepo, tumalize. Nikauliza saa ngapi. Akajibu kwa Kifaransa: *dix heures*. Sasa mimi Kifaransa nimejifunza cha dukani, kuhesabu najua. Un, deux, trois, mpaka vingt. Dix ni kumi. Nikajisifu moyoni. Saa kumi.

Kesho yake asubuhi nikazunguka soko, nikapiga picha maduka ya spea, nikala zangu bukari, yaani ugali wao, na samaki, nikapumzika. Saa kumi kasoro jioni niko mlangoni bohari, nimenyoosha shati. Kufuli. Mlinzi ananishangaa: bosi amekungoja tangu asubuhi, saa saba ameondoka, na leo ni Jumamosi, mpaka Jumatatu.

Saa kumi yake ilikuwa saa nne yangu, wakuu! Nimekula hoteli siku mbili zaidi kwa sababu ya kujua Kifaransa.

Kijiweni

😂😂😂 Ungekuwa hujui ungeuliza.

Mwana Lushi

Bandugu nimecheka mpaka mutoto ameamuka. Lakini ni kweli, huku mujini batu bengi banatajaka saa na Kifaransa. Ukisikia Kifaransa, hiyo ni saa ya wazungu, inaanza katikati ya usiku. Ukisikia Kiswahili, uliza tena.

Muuza Spea

Na cha kushangaza, pale Addis nilikaa na kijana mmoja mfanya usafi, anajua Kiingereza kidogo. Nikamuuliza saa, akaniambia "three". Nikatazama ukutani, 09:00. Kumbe Waethiopia nao wanahesabu kama sisi, kuanzia alfajiri! Yaani mtu ambaye hatusikilizani lugha tunasikilizana saa, na ndugu yangu wa Kiswahili wa Lubumbashi tunapishana masaa sita.

Dada wa Kaunta

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni kukata tiketi, na nyuzi kama hizi huwa nazipita kimya, ila hii imenigusa kwa sababu kila wiki namweleza mtu jambo hilihilo.

Kaka Muuza Spea, saa zilizoandikwa kwenye tiketi siku zote ni za pale mahali. Ya kuondoka ni saa ya mji unaotoka, ya kufika ni saa ya mji unaofika. Kwa hiyo usitoe moja kwenye nyingine kama hesabu ya dukani. Ukienda magharibi safari itaonekana fupi kuliko ilivyo, ukirudi mashariki itaonekana ndefu. Nimewahi kuwa na mteja aliyekuja juu kaunta, anadai kwenda tumempa ndege ya kasi na kurudi tumempa mkweche. Ilikuwa ndege ileile, na kwa ukanda wetu huu hata upepo hauleti tofauti ya maana. Ni saa tu. Kwenye tiketi tafuta mstari unaoandika muda wa safari, ule ndio wa kweli, umeshapigiwa hesabu. Addis, Nairobi na Dar zote zinatumia saa ileile, kwa hiyo kwako iliyobadilika ni ya kutua Lubumbashi peke yake.

Kuhusu kukata moja kwa moja: Air Tanzania iliwahi kufungua njia ya kwenda Lubumbashi kwa kupitia Ndola. Ratiba za njia hizi hubadilika, kwa hiyo uliza kabla hujapanga miadi. Ikiwepo siku unayotaka, usifikirie mara mbili. Dar–Ndola ni kama kilomita 1,340, kwa kanuni ya Kalkuleta masaa mawili na dakika kumi. Ndola–Lubumbashi hazifiki 200, mnapanda, mnapewa maji, mnashuka. Weka dakika 40 za kukaa chini Ndola, jumla masaa matatu na nusu hivi. Na ukifika saa ya ukutani itakuambia umetumia mawili na nusu.

Zaidi ya hapo, kadi ya njano. Jamani kadi ya njano! Kongo bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano usijisumbue, na ukirudi huku utaulizwa vilevile. Chanja angalau siku kumi kabla, siyo jana yake. Na kwa miaka mingi abiria anayetoka Kongo kwenda nje amekuwa akilipa Go Pass, dola 50, kwa hiyo usimalize hela zote sokoni. Uliza kama tiketi yako imeshaijumlisha.

Asanteni, mteja kaingia.

Masafa Marefu

Masaa matatu na nusu. Mimi muda huo bado niko Morogoro natafuta pa kuegesha.

Kijiweni

Swali la mwisho kutoka kijiweni: nikipanda hiyo ya Ndola nikae dirisha gani? Sijawahi kupanda ndege, nataka nione kitu, nisije nikatazama bawa masaa mawili.

Kalkuleta

Kushoto. Mstari wa Dar–Lubumbashi unapita karibu kabisa na kilele cha Rungwe, halafu Kasama, halafu Ziwa Bangweulu linabaki kusini yako. Ukielekea magharibi, kusini ni kushoto.

Masafa Marefu

Kalkuleta, huo ni mstari wa Lubumbashi moja kwa moja. Kijana anapitia Ndola, na Ndola iko chini zaidi. Mabwawa yatakuwa juu yake, yaani kulia. Mimi sina kalkuleta lakini hiyo nchi nimeizunguka kwa matairi 22.

Kalkuleta

Nimepima tena. Mzee yuko sahihi. Kulia.

Muuza Spea

Nami narudi mwezi ujao, yule bwana kabakiza nusu ya deni. Miadi safari hii nimeandikiwa kwenye karatasi, na sweta nimeshanunua. Dada wa Kaunta nakuja inbox. Ndola ikiwepo, nataka kwenda dirisha la kulia, kurudi la kushoto.